Mshale Chini ya Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Nimepelekwa kliniki. Sikwenda, nimepelekwa. Mke wangu alisema tunapita tu kumsalimu nesi mmoja anayefahamiana naye. Kufumba na kufumbua nimevuliwa koti, mkono umefungwa mkanda, kipira kinaminywa. Presha: Mia sabini kwa mia na tano. Nesi akakitazama kipimo, akanitazama mimi, akapima tena. Mia sabini.

Nilimweleza kwa upole kwamba mimi ni fundi mizani, mwaka wa ishirini na sita huu, nimetengeneza mizani za wauza nyama, za wauza simenti na za posta, na sijawahi kuona chombo kinachosema kweli mara ya kwanza. Akasema ndiyo maana amepima mara mbili.

Daktari ni kijana, kalamu tatu mfukoni. Ameandika vidonge, kimoja kila asubuhi. Nikauliza mpaka lini. Akasema pengine maisha yangu yote. Chumvi nipunguze. Nirudi baada ya wiki mbili. Mke wangu akamweleza daktari, kusudi nisikie mimi, kwamba kaka yangu alianguka kwa kiharusi mwaka juzi, na hadi leo kufunga vifungo vya shati kunamchukua nusu ya asubuhi. Nilitazama ukuta.

Wakati wa kutoka nesi alinipa kijitabu kinachofundisha mgonjwa kuchagua huduma kwa kujua, kama mteja makini. Nimesoma kurasa mbili za mwanzo. Mteja ana haki ya kuuliza. Mteja ana haki ya kutafuta maoni ya mtaalamu mwingine. Kitabu kizuri sana. Sioni haja ya kuendelea na kurasa zilizobaki.

Chakula cha jioni: kopo la chumvi halipo mezani. Nimeuliza liko wapi. Nimejibiwa kwamba mteja ana haki ya kuuliza.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kutumia haki zangu. Nimemeza kidonge cha pili ili nisisumbuliwe, nikafunga karakana saa nne, nikaenda kutafuta maoni.

Duka la dawa: 164. Kliniki ya mtaa wa pili, ile yenye viti vya ngozi: 166. Mwisho, kwa shingo upande, jirani yangu Fundi Redio. Huyu ana kile kipimo kidogo cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, ametumiwa na binti yake, na hujipima mbele za wateja kama mtu anayetia saa ufunguo. Yeye: 118. Ameisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili akiwa ameuelekeza uso barabarani. Mimi: 172. Akaniambia pole, jirani, kwa sauti ya msomaji wa matangazo ya vifo.

Jumla ni vipimo vinne, majibu manne. Nimemwonyesha mke wangu orodha. Nikamuuliza, mizani nne zikitofautiana, mtu mwenye akili anaamini ipi? Akasema anaona zote nne zinasema jambo moja. Hajasomea vipimo. Mimi pia sijasomea, lakini nimevifungua.

Msimamo wangu: mteja makini hutafuta mpaka apate jibu zuri, akishalipata haulizi tena. Nimeyaandika maneno haya kwenye ubao wa karakana.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati haina mwenyewe. Asubuhi yule mama wa duka la dawa ameniletea kipimo cha presha. Si cha betri, ni kile cha zamani chenye uso wa duara na mshale. Mshale unakwama njiani. Anaomba nikiangalie, hana haraka, anacho kingine.

Nimekifungua. Ndani ni mizani tu. Springi, meno mawili matatu, vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nimesafisha, nimetia mafuta tone moja, mshale ukaanza kwenda kama mpya. Kwa uaminifu kabisa ningekifunga hapo na kukirudisha.

Nimejipima kwanza. 168.

Sasa ule uso wenye namba umeshikwa na skrubu mbili ndogo. Ukizilegeza, uso unazunguka. Nimeuzungusha kidogo, hatua thelathini hivi. Huo si udanganyifu, ni kukadiria makosa ya vipimo vingine. Nimejipima tena. 138.

Kinyozi hajinyoi, lakini fundi mizani amejipima. Nimejisikia mwepesi papo hapo, hata goti limeacha kuuma. Kasoro ni moja tu: kipimo kikiwa hakina kazi, mshale unapumzika chini ya sifuri. Lakini nani hutazama mizani tupu?

Jioni nimekipeleka nyumbani nikamfundisha mke wangu: unafunga mkanda, unaminya kipira, unaachia polepole, na pale mshale unapoanza kurukaruka ndipo unasoma. Akanipima mwenyewe kwa mikono yake. 138. Akasema basi vidonge vile vina nguvu, vinne tu. Machozi yalimlenga. Akaenda mwenyewe kulitoa kopo la chumvi kabatini.

Sikupenda yale machozi. Chumvi niliipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Leo sikumeza kidonge. Mtu wa 138 anamezea nini?

Fundi Redio amesikia, akaja karakana kujionea. Nimempima mbele ya wateja wake wawili na wangu mmoja. 88. Nikaisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeelekea barabarani. Akauliza maana yake nini. Nikamwambia maana yake jirani unaisha taratibu, na nikampa ushauri wa kitaalamu: chumvi, akae chini, asipande ngazi. Ametoka akiwa ameshika ukuta.

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amewasili, atakaa wiki moja. Ni mama wa heshima zake, mfupi, ameuza nafaka sokoni miaka thelathini na ushei, na mbele yake mimi huketi wima kama niko shule. Ana presha mwaka wa kumi na moja sasa. Vidonge vyake hukaa kwenye kopo la bati lenye picha ya ua, ndani ya mkoba.

Nilikuwa karakana. Niliporudi mchana nimewakuta yeye na binti yake sebuleni, mkanda uko mkononi mwa mama mkwe. Wanacheka. Mke wangu akaniambia kwa furaha: 110! Mama ana 110, kama msichana!

Mama mkwe akanishukuru. Akasema ameona pia yale maneno niliyoandika ubaoni, amepita pale asubuhi akitoka stendi, na ni maneno ya busara. Amepata jibu zuri, hataki kuuliza tena. Vidonge vyenyewe vinamchosha tumbo. Kuanzia leo anaviweka pembeni.

Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi. Nikaliweka chini. Mke wangu akauliza mbona sijatia chumvi. Nikasema leo sina hamu nayo.

Jumapili, 9 Machi

Mia na kumi jumlisha thelathini ni mia arobaini, na hiyo ni akiwa anameza vidonge. Asipomeza itafika wapi? Nimemkumbuka kaka na vifungo vyake.

Lakini kukiri? Kwa mama mkwe? Lazima kuna njia nyingine.

Njia ya kwanza. Asubuhi na mapema nimezitafuta kurasa zilizobaki za kile kijitabu. Ukurasa wa sita, kwa herufi nene: usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri, muulize kwanza aliyekuandikia. Nimemsomea mama mkwe akinywa chai, kana kwamba nimepita hapo kwa bahati tu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno mazuri, mkwe wangu, na wewe ulimuuliza nani ulipoacha vyako? Nikasema ngoja nikaangalie kuku. Hatufugi kuku.

Njia ya pili. Nikajifungia chumbani na bisibisi, nikaurudisha uso wa kipimo mahali pake halisi. Nikatoka nacho, nikapendekeza wampime tena, kwa vile vipimo vya Jumamosi huwa na uchovu. Alikitazama pale mezani, akanitazama. Akakataa. Akishapata jibu zuri, akasema, haulizi tena. Si ndivyo ulivyoandika mwenyewe?

Njia ya tatu. Kusaga kidonge kwenye uji wake. Vyake viko mkobani na mkoba hauachi. Vyangu vinaweza kuwa vya aina nyingine, nikamwua kwa kumwokoa. Nimesimama jikoni na mwiko mkononi kwa muda. Hata mimi nina mpaka.

Mke wangu ameniuliza mara tatu kama naumwa. Kipimo kilichonyooka kiko pale pale mezani. Sijathubutu kukifunga mkononi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekiri.

Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi. Nilipiga moyo konde, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, nikasema yote: skrubu mbili, hatua thelathini, chumvi, Fundi Redio. Nikamwambia mama mkwe kwamba siyo 110, ni 140, na namwomba kwa heshima zote ameze vidonge vyake, akitaka nitapiga magoti, akitaka nitaondoka nyumbani.

Mke wangu alikuwa ananitazama kama anavyotazama shati lililoungua na pasi.

Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa lile kopo la bati, akalifungua. Ndani kumepangwa vidonge, na kijidaftari kidogo. Hakuacha hata kimoja. Jumamosi alimeza. Jana alimeza, nikiwa nimesimama jikoni na mwiko.

Akasema ameuza maharage miaka thelathini na moja. Mnunuzi mjinga hutazama mizani ikishabeba mzigo. Mwenye akili huitazama ikiwa tupu. Jumamosi, kabla hata mkanda haujamgusa, aliona mshale umelala chini ya sifuri, akajua fundi wa kazi hiyo ni nani. Jana akauona umelala sawasawa, na mizani, mkwe wangu, haijirekebishi yenyewe. Alitaka tu kuona nitachukua siku ngapi kusema. Yeye alikisia mbili. Binti yake alikisia mwezi.

Kumbe binti yake alijua! Tangu Jumamosi mchana, kabla sijarudi. Ndiyo maana aliniuliza kuhusu chumvi.

Mama mkwe akasema mengine ni mzaha, lakini hili si mzaha: mtu akidanganya mizani ya sokoni anamwibia jirani, wewe umejiibia mwenyewe, na mwanangu angebaki kukufunga vifungo. Hilo la vifungo alilisema taratibu. Sikuwa na ukuta wa kutazama, alikuwa amekaa mbele yake.

Kisha akanituma kwa Fundi Redio. Nimekwenda. Amenisikiliza huku anachomelea waya, hata hakuinua kichwa. Akasema alipotoka kwangu Ijumaa alinyoosha moja kwa moja kliniki, wakampima 116, wakamwambia aliyempima ndiye anayehitaji kuangaliwa. Amewasimulia wateja wake wote. Wawili wamenipungia mkono nilipokuwa natoka.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki, wote watatu. Mama mkwe ndiye aliyeongoza msafara. Ubao wa karakana umefutwa, sijui na nani, nina fununu.

Nimemwona mteja makini akiwa kazini. Alitandaza vidonge vyake vyote mezani kwa daktari, akafungua kijidaftari: tarehe, kipimo, alivyojisikia. Maswali matatu, yameandikwa tangu nyumbani. Hiki kinachonichosha tumbo, kuna kingine badala yake? Nikibadilisha, nitajuaje kama kinafanya kazi? Na dalili gani ikinitokea nije bila kusubiri siku yangu? Yule kijana aliweka kalamu chini na kujibu yote. Akambadilishia kidonge. Mama akaandika jina la kidonge hicho, akamwomba daktari amhakikishie herufi.

Zamu yangu: 176. Kabla ya kunipima nesi alinionyesha mshale uko kwenye sifuri. Habari zimefika.

Nilipoulizwa kama nina swali, nilisema sina. Mama mkwe akakohoa. Nikauliza nifanye nini nikisahau kidonge. Lilikuwa swali zuri, daktari mwenyewe alisema. Nimelirudia kwa mke wangu njia nzima.

Ijumaa, 21 Machi

Mama mkwe amerudi kwake. Kidonge kila asubuhi, mke wangu akishuhudia, mdomo wazi kisha ulimi juu. Kipimo cha duka la dawa nimekirudisha kikiwa kimenyooka, na yule mama alikijaribu mara tatu mbele yangu. Leo kliniki: 148. Halali kabisa. Daktari amenipongeza, nami nimemwambia siri ni kuwa mteja makini.

Akasema limebaki jambo moja. Uzito. Nipunguze kilo nane, na kila nikija nitapimwa na kuandikwa kwenye kadi. Nimepanda mizani yao. Tisini na nne. Nikashuka, nikapanda tena. Tisini na nne.

Nilipokuwa navaa viatu nesi akalalamika kwamba mizani yenyewe siku hizi inatoa mlio, na kwa vile mimi ni fundi na nimeshatubu, ningeweza kuichukua wikiendi hii nikaitie mafuta? Nimekubali kwa moyo mweupe. Nitaifanya bure, kama shukrani.

Iko hapa karakana, nimeigeuza. Safari hii nitahakikisha inalala kwenye sifuri sawasawa, kwa hilo mama mkwe amenifundisha. Kwa nyuma, karibu na springi, kuna skrubu moja tu, ya kupunguza au kuongeza kilo, na haigusi sifuri hata kidogo.