Mabati Niliyoahidi Mbele za Watu

Jumatatu, 10 Machi
Kupe amepiga simu tena. Ni mkopeshaji wangu. Jina ni la utani, lakini limemkaa. Kwanza huniamkia shikamoo Mwalimu, ndipo aninyonye. Jumamosi anakuja kuchukua dhamana. Dhamana ni cherehani ya mke wangu. Mke wangu hajui kwamba ni dhamana. Hajui hata kwamba kuna mkopo!

Nieleze, maana jambo lisiloelezwa huonekana la kijinga. Kanisa letu lilikuwa likichangisha ujenzi. Bwana Posta, mstaafu mwenzangu, aliyeupata uzee wa kanisa nilioutaka mimi, akasimama akaahidi milango. Ningekaa? Nikaahidi mabati. Yote! Waumini wakapiga vigelegele. Pensheni yangu haikupiga.

Jumanne, 11 Machi
Kanisa lina kamati ya kuwasaidia wenye madeni. Nimekwenda, kwa niaba ya rafiki. Mwenyekiti ni nani? Bwana Posta! Akauliza kwa upole kama huyo rafiki ana mke. Nikasema anaye, ila ana presha. Akasema waje wote wawili. Pesa hawampi mtu mkononi, wanamsihi mkopeshaji apunguze riba, kisha wanamlipa wenyewe. Na siri haitoki mle ndani.

Utaratibu mzuri sana. Kasoro yake ni mwenyekiti. Nikae chini ya mabati yale, nimwambie yeye kwamba ni ya mkopo? Bora nife.

Jumatano, 12 Machi
Mbinu mpya. Nimejitolea kufundisha semina ya madeni, maana msemaji hupewa bahasha. Nimefundisha vizuri mno! Nimechora riba ubaoni inavyozaana kama panya. Nimewaambia mficha maradhi kifo humuumbua, nendeni mkawaambie wenzi wenu leo hii. Mwashi mmoja akalia waziwazi. Mke wangu, kiti cha mbele, akamnong'oneza jirani, kwa sauti ya kusikika na ukumbi mzima, kwamba huyo ndiye baba watoto wake.

Bahasha nimepewa. Ndani mlikuwa na kadi ya shukrani.

Alhamisi, 13 Machi
Yule mwashi amekwenda kwenye kamati na mkewe, kama nilivyomfundisha. Wamelipiwa deni lote. Amenikuta njiani, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita mkombozi. Mkewe akadakia kwamba Mkombozi ni mmoja tu, huyu ni mwalimu. Nikawaeleza riba tena.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwambia mke wangu cherehani yake inahitaji mafuta, niipeleke kwa fundi. Nia: kuificha kwa binamu yangu mpaka Kupe apoe. Akasema haendi nayo mtu popote. Ana sare za shule za kumalizia, Jumatatu zinatakiwa, na ada ya mjukuu wetu imo humo. Mafuta ameyatia mwenyewe jana.

Nikakaa mlangoni nikimtazama anashona. Nilitaka kumwambia. Kweli, nilitaka. Akainua kichwa akaniuliza kama nina njaa. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 15 Machi
Kupe kaja na wapagazi wawili. Shikamoo mama. Mkono wa shati ulikuwa bado chini ya sindano. Akamwonyesha mke wangu sahihi yangu. Mke wangu hakupiga kelele. Aliomba amalizie ule mkono tu. Kupe akatazama saa, akakataa kwa heshima zote.

Nikamweleza mke wangu habari za Bwana Posta na milango, tangu mwanzo. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mume wangu, Jumatano nilikaa kiti cha mbele. Ungenikonyeza hata jicho."

Jumapili, 16 Machi
Mke wangu amekwenda kwenye kamati peke yake. Bwana Posta hakucheka, afadhali angecheka. Akamwambia fungu la mwezi huu limekwisha. Liliishia kwa yule mwashi, mimi najua. Hata hivyo alimfuata Kupe baada ya ibada, tai shingoni, kumsihi airudishe cherehani, walipe kidogo kidogo. Imeshauzwa. Nesi mstaafu wa kwaya amemwazima mke wangu ya kwake, iko chumba cha nyuma cha kanisa. Ni ya kuzungusha kwa mkono. Ameshinda huko.

Jumatatu, 17 Machi
Sare zimekamilika nusu. Shule imempa kazi fundi mwingine. Mjukuu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Nimetafakari kosa langu kwa utulivu wa mtu aliyesoma. Kosa lilikuwa Kupe. Hana utu. Nimempata mwingine: mama mpole, ofisi safi, maua mezani. Kwa mkopo huu nanunua cherehani ya umeme, kubwa kuliko ya Nesi. Nalipa ada. Kitakachobaki nakitoa kwa kamati ya madeni, na jina langu litasomwa mbele ya Bwana Posta!

Akauliza dhamana. Nikasema nyumba. Akasema basi mke naye lazima atie sahihi. Nikamweleza kwamba mke wangu ana kazi nyingi siku hizi, si vizuri kumsumbua, karatasi nitampelekea.

Nimefika nazo hadi kona ya kwanza. Nikabadilisha kalamu, nikamtilia sahihi.