Malalamiko Kuhusu Njia Mliyoniambia ni Rahisi

Kwako Ndugu Meneja,
Kampuni ya kukodisha magari,
Dirisha la pili ukitoka uwanja wa ndege.

Ndugu Meneja, kwanza pole na kazi. Natumai u mzima na magari yako yote hayajambo. Mimi ndiye yule fundi cherehani niliyekodi kwako gari dogo jeupe, lenye kidude cheusi kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele. Barua hii ataitafsiri binti yangu, na nimemwonya asiilainishe hata kidogo.

Nimekuja nchini kwenu kwa kazi moja tu. Binti huyo ni mjamzito, mumewe ni baharia na yuko melini, na hospitali iko ng'ambo ya daraja. Siku ikifika, dereva ni mimi. Mambo mengine yote, kuanzia kupika hadi kutoa amri, ameyachukua mama yake. Kwa hiyo ninapolalamikia gari, ujue nalalamikia heshima yote niliyobakiwa nayo katika nyumba hii.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Siku ya kukodi, karani wako alinisukumia simu yenye maneno yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili: "Je, ungependa njia rahisi ya kulipia barabara?" Ndugu yangu, nani asiyependa rahisi? Dukani kwangu mteja akiuliza kitambaa rahisi, simletei kile kisichomsumbua kuvaa, namletea cha bei ya chini. Nikabonyeza "ndiyo" kwa nguvu zote, nikamkonyeza mama watoto aone mumewe anavyojua kutafuta bei. Kumbe mlimaanisha rahisi ya kutosumbuka! Haya, sisumbuki kulipa. Nasumbuka kupata usingizi.

2. Geti lenu la kulipia barabara halina mtu. Unapita chini ya chuma, kidude kinalia "pip", hela imekwenda. Hakuna shikamoo, hakuna habari za safari, hakuna hata risiti ya kukunja mfukoni. Mama watoto, anayekaa kiti cha nyuma kama mkaguzi, anasema hiyo "pip" ndiyo salamu yenyewe, na kila ikilia anaitikia "marahaba". Anafanya makusudi kunikera.

3. Nikaamua kwenda kulalamika palepale. Nikageuza gari huko mbele, nikarudi getini kumtafuta mhusika. Pip. Mhusika hayupo. Nikageuza tena niende zangu. Pip. Yaani nimelipishwa kwa kwenda kuuliza kwa nini nimelipishwa, kisha nikalipishwa kwa kukosa jibu. Kiasi sikitaji, nina presha.

4. Kwa kuwa sitaki kubahatisha na uhai wa mwanangu, kila siku nafanya mazoezi ya kwenda hospitali na kurudi. Mazoezi nayo mnayatoza! Mimi nikimpima mteja shati, simdai kila anapoinua mkono.

5. Juzi sikutoka kabisa. Gari lililala nje, mvua ikalinyeshea. Bado nimetozwa ada ya siku ya kidude, eti kwa kuwa kilikuwa tayari kunihudumia. Vizuri sana, nimejifunza. Nikirudi kwangu nitawatoza watu wote wanaopita mbele ya cherehani yangu, maana niko tayari kuwashonea. Sisi mafundi tukikata kitambaa cha mtu kabla ya kupatana bei tunaitwa wezi. Ninyi mnaitwa mfumo.

6. Hasira zikanipanda, nikakishonea kidude kifuniko cha suti nzito, chenye bitana, ili kisione wala kisionekane. Mshono ulikuwa safi, sijisifu. Geti likapiga picha namba ya gari, nanyi mkaniletea faini, pamoja na gharama ya kunijulisha kwamba nina faini. Mama watoto akakivua kile kifuniko, akakitumia kushikia sufuria la moto. Ningependa angekitupa.

Kutokana na hayo, naomba kidude king'olewe, na kwenye kila geti awekwe mtu mzima mwenye dirisha, kiti na muda wa kutosha. Asalimie. Aulize mtu anatoka wapi na anakwenda kwa nani. Dereva aeleze shida zake, asikilizwe, kisha wapatane kiungwana. Nimelitafakari sana jambo hili na sioni nani atadhurika.

Nisalimie karani wako, wale wanaoosha magari, na wote walioko nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mama watoto naye anakusalimu, ingawa anasisitiza kwamba yeye hana ugomvi na mtu.

Ni mimi, niliyechoka kurahisishiwa,
Fundi cherehani, gari dogo jeupe.

Tanbihi: Barua hii itachelewa kukufikia kwa kuwa mfasiri amelazwa. Uchungu ulimshika nikiwa natafuta bahasha. Barabara ya chini, ile ya bure niliyotaka kuwakwepea, ilikuwa imejaa magari hadi hayasogei. Yeye analia nyuma, mama yake kamshika mkono, na mimi nikakata kona kuelekea mageti yenu. Tumepita mageti yote mwendo uleule, hata dirisha sikushusha. Tumefika mlangoni, wauguzi wakamdaka, na muda si muda tukaitwa. Mtoto wa kike, mama yake mzima, na mimi nimelia mbele ya watu bila aibu.

Ombi langu la mtu wa getini nalifuta. Najijua, Ndugu Meneja. Ningemkuta mtu pale dirishani ningeanza kumsimulia kwamba naenda kupata mjukuu, naye angeuliza ni wa ngapi, na mtoto angezaliwa kwenye foleni, sisi tukiulizana habari za nyumbani.