Mtihani wa Sauti wa Daktari Kinoti

Ninayo furaha kutangaza kwamba kuanzia mwaka huu wa 1966, hakuna daktari atakayemgusa mgonjwa katika kambi yetu ya Garissa kabla ya kufuzu mafunzo ya uafisa. Mafunzo nimeyatunga mimi, Meja Justus Murithi: wiki kumi za gwaride, saluti, kuchimba mahandaki na kushika uma kwa mkono wa kushoto. Udaktari haumo. Huo walishasoma.

Mwanafunzi wa kwanza, Daktari Kinoti, alinisikitisha. Amepasua wagonjwa miaka sita huko bara, lakini ukimwambia kushoto, anageuka kulia.

Siku ya mtihani wake wa sauti, mama mmoja, Qali, alifika langoni akimsukuma punda. Juu ya punda alikuwa binti yake, Maryan, mwenye uchungu wa uzazi tangu juzi. Tulilikagua lile tumbo mara mbili, maana siku hizi za waasi wa shifta huwezi kujua. Hatukupata bunduki.

"Dagitari iko wabi?" Qali akauliza. "Binti yangu nakufa, wallahi!"

"Yuko mtihanini, mama. Rudi wiki ijayo."

"Mtoto tangoja wiki?"

"Akiwa raia mwema, atangoja."

"Afande, naomba ruhusa nimwone," Kinoti akasema. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Mtihani kwanza!"

Mtihani wenyewe ni mwepesi. Mtahiniwa hutoa amri, na yeyote aliye uwanjani, awe na cheo gani, hutii mpaka mtahiniwa aseme "legeza". Ni kanuni ya kumi na nne, na ninajivunia kuiandika.

Kinoti akavuta pumzi.

"Kikosi! Beba machela! Kwa mgonjwa, mbio!"

Sauti safi kabisa. Nilimpa alama tisa huku nikikimbia. Mimi nilishika upande wa miguu.

"Meja! Chemsha maji! Meja, nawa mikono! Nawa tena!"

Alasiri Maryan alijifungua msichana, na wote wawili wazima. Nilifurahi, siwezi kuficha, ingawa sikuwa nimeamriwa.

Habari zikaenea. Sasa wagonjwa wamejaa mpaka langoni, Kinoti anawatibu, na leo ni siku ya nne bila "legeza". Jana Brigedia alitoka Nairobi kuja kuuliza kulikoni, akakanyaga uwanja. Sasa anafua mashuka, nami nasuuza. Qali ndiye mkaguzi. Ya asubuhi ameyarudisha yote.