Ombi la Kumzuia Bibi Persis Asituzuru Siku ya Jumanne

Kebirigo, Nyamira
12 Machi 1975

Kwa Mkuu wa Mpango wa Kuzuru Nyumba zenye Watoto Wachanga,
Kisii.

Mheshimiwa Bwana,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye subira, maana subira itahitajika. Mimi ni msichana wa darasa la saba. Kila Jumanne mnamtuma Bibi Persis, mwenyeji wa Taita, amfundishe Mama kumlea ndugu yangu mdogo, Onyancha. Naomba kwa heshima asije tena, kwa sababu hizi:

1. Bibi Persis hajui Kikisii, na Mama na Nyanya hawajui Kiswahili. Kwa hiyo mimi huzuiliwa nyumbani ili nitafsiri, na adabu yangu huharibu kazi. Alipouliza kama mtoto hupewa mayai, Nyanya alijibu, "Mwambie alete kuku kwanza, au anadhani migomba hutaga?" Nikatafsiri: "Nyanya anashukuru na anauliza hali ya wazazi wako." Kumbe walikwisha kufariki. Ikabidi tuombe.

2. Alituagiza tuzungumze na mtoto. Nyanya alicheka hadi akashika ukuta: "Nimelea tisa bila kuhutubia hata mmoja!" Mama akaona haya, kazi ikaniangukia mimi. Kwa kuwa agizo lilikuja kwa Kiswahili, nililitimiza kwa Kiswahili, tena cha vitabuni: "Ndugu Onyancha, tafadhali fumbua kinywa." Sasa Nyanya akimwita, mtoto hunitazama mimi nimtafsirie. Nyanya anasema tumemgeuza mjukuu wake karani wa DC.

3. Bibi Persis hutaka jamaa wote wasikilize. Lakini kwetu baba mkwe haingii nyumbani mwa mke wa mwanawe. Kwa hiyo Babu husimama nje, nyuma ya ukuta, hata mvua ikinyesha, naye ndiye mwenye maswali mengi. Nami humjibu kwa sauti kubwa. Soko zima la Kebirigo linajua uji wetu ulivyo mwepesi.

4. Mwalimu Obadiah hufundisha hesabu za sehemu siku ya Jumanne. Juzi aliniuliza mbele ya darasa, "Nyamoita, huyo mtoto ni wako?" Nikianguka mtihani mwaka huu, nitaozwa. Nikiozwa, nitazaa. Nikizaa, mtamtuma Bibi Persis kwangu, mama mkwe wangu hatajua Kiswahili, na Onyancha atatolewa shuleni aje kututafsiria. Hivyo mpango wenu hautakwisha kamwe.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na huyo aliyeifungua barua hii kabla yako.

Ni mimi mwenye kuomba kwa unyenyekevu,
Drusilla Nyamoita

Nyongeza: Barua hii ilikaa mkobani ikingoja stempu. Jumanne iliyofuata Bibi Persis hakuja, nami nikasoma hesabu za sehemu, sikuzielewa. Niliporudi, Babu alikuwa amesimama mahali pake nyuma ya ukuta. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni, ameshika yai la kuchemsha la kumpa mgeni, limekwisha kupoa. Alikuwa akimweleza Onyancha, kwa Kikisii, habari za njia ile ya kuja kwetu na nani hupita hapo, na mtoto alikuwa akimjibu.

Tafadhali mrudisheni. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumapili sina shule wala kanisa; aje siku hiyo. Tena naomba kuuliza, kwa niaba ya mtu mwingine: kazi ya Bibi Persis huombwa wapi, na je, hesabu za sehemu ni za lazima?