Tai Mwekundu wa Mkonze

Abbasi wa Kondoa aliokota tai wa shaba kando ya reli pale Dodoma, kidude kilichodondoka kwenye kofia ya askari wa Mdachi, na papo hapo akamkumbuka mzee Matonya wa Mkonze. Mzee huyu alikuwa na ng'ombe wengi na kidonda kimoja rohoni: jirani yake aliitwa bomani akavishwa nishani, yeye akaitwa bomani akaagizwa kuni.

Abbasi naye alihitaji ng'ombe watatu kabla ya Ijumaa. Asipowapeleka Kondoa kwa baba yake Zaitun, binti huyo ataolewa na Mustapha, mwenye ng'ombe watatu na meno manne. Na Abbasi alimpenda Zaitun. Katika maisha yake yote, huo ndio ulikuwa ukweli wake wa pekee.

Basi akampaka tai ngeu, ule udongo mwekundu, akamfunga utepe wa kanga, akaazima kanzu, akatua Mkonze.

"Shikamoo, mzee. Natoka kwa Kaizari."

"Marahaba. Mbali huko."

"Mbali mno. Amekuletea nishani ya Tai Mwekundu! Huko Ulaya huivaa wafalme. Wakishaivaa, hata wake zao huwaamkia shikamoo."

Loisi, mke wa Matonya, akakohoa.

"Bei gani?" aliuliza mzee.

Hapo ndipo ujanja ulipozidi kimo. Abbasi alijua kwamba anayenunua hukagua, anayetunukiwa hushukuru. Akajishika kifua kama mtu aliyetukanwa. "Bei? Nishani ya Kaizari haiuzwi, mzee wangu! Mpokeaji humpa mjumbe ng'ombe watatu wa heshima, basi."

"Wa heshima?"

"Heshima tupu."

Matonya alimgeukia mkewe, macho yamemlowa. "Unamsikia? Mtu wa mjini, na mila zetu anazijua!"

Tai akatundikwa kifuani. Madume matatu manono yakaletwa uani, na Abbasi akawa anapiga hesabu ya njia ya Kondoa. Mara majirani wakaanza kumiminika, wanaume na ngoma, wanawake na vyungu.

"Hawa wote wamefuata nini, mama?" alimuuliza Loisi.

"Nyama. Ng'ombe wa heshima huchinjwa mbele ya mgeni, tukala naye. Wa kuswagwa njiani ni wa mahari."

"Wa mahari!" Abbasi aliruka. "Ndio niliotaka kusema! Wa mahari!"

"Ala! Kwani Kaizari anamwoa nani hapa?"

Uani kote watu wakacheka. Matonya akamjia taratibu, akamshika mkono kwa upendo, akamkabidhi kisu.

"Tunajua wewe ni Mwislamu, mwanangu. Tukichinja sisi utalala njaa, na hiyo itakuwa aibu yangu. Ng'ombe wako hawataguswa na mtu. Chinja mwenyewe, wote watatu."

Vigelegele vikapaa. Abbasi alisoma bismillahi machozi yakimtiririka, na wazee wa Mkonze wakaambiana kwamba hawajapata kuona mjumbe wa serikali mwenye moyo laini namna ile.