Gunia la Kuchambulia Nyumbani

Jumatatu, 7 Julai 1986

Bwana Rweyemamu amekubali! Ndiye msimamizi wetu ghalani. Nimemwambia mkono unachambua kahawa lakini moyo uko nyumbani, na maziwa yanalowesha gauni. Akakuna kichwa. Akasema haya, Mama Koku, beba gunia moja, kachambulie kwako, Ijumaa lirudi safi. Likirudi chafu, nafasi yangu anapewa mwingine. Laurensia, jirani yangu wa ungo, akaguna kwamba siku hizi watu wanafanya kazi wamelala. Wivu! Kokugonza wangu ana miezi mitatu. Nitamnusa kutwa nzima.

Jumanne, 8 Julai

Nimechambua ungo mmoja. Mmoja tu! Majirani wameniona nyumbani mchana, wakajua naumwa. Wamekuja na ndizi na pole. Niwafukuze? Mama mkwe akasema mgeni haketi kinywa kitupu, akatoa kahawa ya kutafuna, ile inayokaushwa na maganda yake. Wametafuna mpaka jua limezama. Koku kanyonya vizuri, anacheka usingizini. Gunia limekaa tu linanitazama.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata akili! Kila mgeni akiingia, kabla hajamaliza shikamoo, nampa ungo. Wachambue huku wanaongea. Mama mkwe kacheka, eti huyu mkamwana kawafanya wageni vibarua. Waache waseme. Leo wamekuja sita na gunia limevuka nusu. Mimi nilisinzia, Koku kifuani. Raha iliyoje!

Ijumaa, 11 Julai

Aibu. Bwana Rweyemamu kaingiza mkono katikati ya gunia, akatoa ganda limetafunwa. Akatoa la pili. La tatu. Akaniuliza toka lini kahawa ya ghala inaonjwa kwa meno. Kumbe wageni wangu walikuwa wanatemea kwenye ungo! Laurensia alicheka mpaka akashika ukuta.

Machozi yakanitoka. Nikasema nitalirudia lote, punje kwa punje, lakini kazi naitaka na mtoto simwachi. Koku akapiga chafya. Laurensia, yuleyule, akamtoa mgongoni kwangu, akamfuta pua kwa kanga yake. Akamwambia Bwana Rweyemamu kwamba baraza la ghala lina kivuli, mtoto huyu atamla nani? Bwana Rweyemamu akasema basi, nikae barazani, ninyonyeshe nikitaka. Ila gunia lisitoke tena!

Jumatatu, 14 Julai

Barazani kuzuri jamani! Koku kalala kwenye mkeka, namgusa kwa kidole cha mguu, mikono inakwenda. Kabla ya saa sita nimemaliza nyungo nne. Hata Laurensia kanishinda kwa mmoja tu. Bwana Rweyemamu kanisifu mbele ya watu.

Furaha ikanifungua mdomo. Nimewatangazia wenzangu wote wenye wachanga wawalete kwangu kesho, nitawaangalia huku nachambua. Wamefurahi! Watoto ni saba. Laurensia kanitazama, akatikisa kichwa. Hajui tu. Wakinyamazishana wenyewe, kesho namshinda.