Rimu za Kurudia Nyumbani

Jumatatu, 3 Juni
Mwaka wa thelathini na moja ugenini. Shemeji, kaka wa mke wangu, ametangaza kwamba Jumamosi anarudi nyumbani moja kwa moja, na gari lake lina nafasi mbili. Mke wangu ameshaanza kukunja nguo.

Nimemwambia sirudi kama abiria wa mtu. Pikapu langu lilinileta, litanirudisha. Akauliza, litakurudisha kwa kutambaa? Kweli, rimu zote nne zimeliwa na kutu. Fundi wa matairi aligonga moja kwa nyundo, kipande kikambakia mkononi. Nikaapa kupata nyingine kabla ya Jumamosi. Akasema nisipopata atapanda la kaka yake, na mimi najua nyumba ilipo.

La kaka yake! Mwaka ule tulipoikimbia nchi yetu, shemeji alipata pancha njiani, akakuta spea yake haiingii, akaliacha gari na kuvuka mpaka kwa miguu, godoro kichwani. Kisa hiki nimekisimulia kwenye kila harusi na kila msiba. Mtu mzima anaanzaje safari bila kujua spea yake inaingia?

Jumanne
Nimebuni mbinu. Mjinga angepiga jeki, afungue gurudumu, alibebe kama sampuli. Mimi na goti langu bovu tumechukua spea, iliyoning'inia chini ya bodi miaka yote bila kuguswa. Sijawahi kupata pancha. Ni uendeshaji.

Mke wangu akashauri niijaribu kwanza. Nikamwambia mtu hamwombi mwanawe kitambulisho.

Kwa muuza vyuma chakavu, ambaye mtaa mzima unamwita Kutu, nilidai nataka rimu za kupandia maua. Ukisema za gari, bei inapanda. Akanitazama sana. Akauliza maua gani. Nikasema mawaridi. Tukabadilishana: rimu nne zinazolingana na spea yangu tundu kwa tundu, kwa redio yangu, ile niliyosikilizia habari za nyumbani. Ya nini redio, wakati habari zenyewe nakwenda kuziona?

Jumatano
Asubuhi nimeweka pikapu juu ya matofali. Rimu za zamani zimechukuliwa na mkokoteni wa Kutu. Nikaleta mpya, zinang'aa.

Pikapu lina nati sita. Rimu zina matundu matano.

Nikageuza moja, pengine tundu la sita liko upande wa pili. Haliko. Nikaleta spea yenyewe. Matano.

Alhamisi
Nimerudi kwa Kutu. Rimu zangu za zamani ameshazikatakata. Nikaomba tubadilishe hizi kwa za matundu sita. Akaniuliza, mzee, tangu lini waridi likahesabu matundu? Redio yangu ilikuwa inaimba kibandani kwake.

Mke wangu amefunga sanduku la pili.

Ijumaa
Shemeji amekuja kuchukua masanduku. Nilikuwa nimesimama mbele ya spea ili asiione. Akaniomba nisogee. Akachuchumaa, akafuta vumbi kwa kidole. Mistari mitatu ya rangi ya kijani.

“Shemeji, hii yangu. Alama hii nilipaka mimi.”

Akanikumbusha alfajiri ile ya kukimbia: ua mmoja, mapikapu mawili, spea mbili chini, kila mtu anapakia kwa kupapasa. Ile aliyoikuta njiani, isiyoingia, ilikuwa na matundu sita.

Nilingoja matusi. Akaikalia spea, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka.

“Lile godoro lilikuwa limelowa, shemeji. Lilikuwa zito.”

Akasema kiti changu bado kipo. Nikamjibu kwamba mtu mwangalifu hupaka alama yake mahali panapoonekana.

Jumamosi
Wameondoka. Mke wangu alishusha kioo. “Panda, bwana. Ni kiti tu.” Nikasema kiti cha nyuma kinanichafua tumbo. Shemeji akashuka, akahamia nyuma mwenyewe, mwanawe anayeendesha akabaki usukani, kiti cha mbele kikawa wazi. Nikasema jua la mbele linaniumiza macho.

Mke wangu akapandisha kioo taratibu. Spea wameiacha. Shemeji alisema nikae nayo, nimeshaizoea.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu amepiga simu. Wamefika salama. Nyumba imesimama, mlango wa mbele bado unagoma siku za mvua, ameusukuma kwa bega. Nikamweleza kwamba huo mlango unainuliwa kwanza kitasa, ndipo unasukumwa. Akaniuliza nitakwenda lini kuuinua.

Nikamwambia mambo yamenyooka. Rimu ninazo nne, nzuri mno, na spea inayolingana nazo kabisa. Kilichobaki ni kutafuta pikapu la nati tano.

Nilisikia shemeji akicheka nyuma yake. Mke wangu hakucheka.

Jioni nimezipanga rimu ukutani, nikazipiga kitambaa. Kesho nitazunguka gereji zote. Nyumbani sitarudi kama abiria.